Mbao za paa na dawa ya moto: hesabu iko kwenye kilo

Ukiwauliza mafundi wa paa wa Moshi au Arusha kama mbao wanazopiga zina dawa, wengi watakujibu ndiyo na kukuonyesha rangi ya kijani. Dawa hiyo ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Kazi yake ni mchwa, bungua na ukungu. Kwa moto haisaidii, tena ina ubaya wake: mbao ya kijani ikishashika, hata ukizima mwali, ndani inabaki kaa jekundu linalojila taratibu mpaka majivu, maana kromu na shaba huendeleza uunguaji huo usio na mwali. Majivu yenyewe yana aseniki, kwa hiyo vipande vinavyobaki saiti si vya kuchomea nyama wala kuinjikia ugali wa vibarua.

Wapo wanaopaka oili chafu ya gari kukimbiza mchwa. Hapo hakuna la kubishana: umeyapandisha mafuta darini, mahali pale pale nyaya za umeme zinapopita.

Dawa ya moto ni kitu kingine, na inafanya kazi kwa njia nyingine. Mbao ikipata joto, kwanza inatoa maji. Ikipita nyuzi joto 200 inaanza kuvunjikavunjika, na kati ya 250 na 300 inatoa gesi nyingi zinazowaka. Mwali tunaouona ni wa gesi hizo. Kinachobaki nyuma ni mkaa. Chumvi za fosfeti na za boroni zinageuza hesabu hiyo: zinaifanya mbao itoe mkaa mwingi na maji mengi, gesi ya kuwaka kidogo, na zinaanza kazi hiyo kwenye joto la chini kidogo kuliko mbao ilivyo peke yake. Chumvi za boroni zinaongeza jambo moja: zikiyeyuka hufunika nyuzi za mbao kwa utando wa kioo. Elimu hii si ya jana. Mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac alikuwa ameshaonyesha kwamba boraksi na chumvi za amonia huzuia vitambaa visishike moto.

Chumvi mbili za boroni zinakwenda pamoja kwa sababu kila moja ina upungufu. Boraksi inapunguza mbio za mwali kwenye uso wa mbao, lakini peke yake inaweza kuacha kaa linaloendelea kufukuta. Asidi ya boriki inakata huko kufukuta, ila kwa mwali haifanyi kikubwa. Ndiyo maana anayekuuzia boraksi tupu na kuiita dawa ya moto amekuuzia nusu ya kazi. Boraksi si ngumu kupatikana, masonara na wachimbaji wadogo wanaitumia kuyeyushia dhahabu. Asidi ya boriki ipo kwenye maduka ya kemikali. Anayezinunua na kuzitunza kwa biashara anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sasa kilo. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na zinaharibika bila mtu kujua kwa sababu mbao iliyopakwa na iliyoshiba zinafanana kwa macho. Kwa wadudu, mbao inahitaji chini ya kilo 5 za chumvi ya boroni kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa moto unalenga kilo 30 hadi 60. Ni karibu mara kumi. Brashi haiwezi kufikisha kiasi hicho kwenye mbao ya inchi mbili, hata ukirudia mara ngapi, kwa sababu uso ukishalowa unakataa. Bomba la kupulizia dawa za mahindi nalo ni hivyo hivyo. Viwandani wanatumia mtungi wa chuma: wananyonya hewa kwanza, halafu wanaisukumiza dawa ndani kwa shinikizo kubwa. Karakana isiyo na mtungi inabaki na njia ya moto na baridi: mbao zinapashwa ndani ya dawa, kisha zinaachwa zipoe humo humo. Inafanya kazi vizuri kwa paini, mradi mizani iwepo.

Tangi tunalolitumia huku ni mapipa ya lita 200 yaliyopasuliwa kwa urefu na kuchomelewa mfululizo. Mbao ya futi 12 ina mita 3.66, na pipa moja lina urefu wa sentimita 88 hivi, kwa hiyo zinahitajika nusu tano ili mbao ilale bila kubanwa. Maungio yachomelewe ndani na nje. Yakivuja, maji yenye chumvi yanazima moto na kuacha ukoko mweupe kwenye mafiga. Tangi la namna hiyo linabeba lita 500, lakini mbao nazo zinachukua nafasi, kwa hiyo lita 300 za dawa zinatosha kuanzia.

Kipimo ni hiki: kwa kila lita 100 za maji, boraksi kilo 22 na asidi ya boriki kilo 14. Kwa lita 300 ni kilo 66 na kilo 42. Uwiano huo si wa kubahatisha. Ukichanganya kwa kipimo cha karibu moja na nusu kwa moja, chumvi hizi zinaungana na kuyeyuka kwa wingi ambao hakuna hata moja ingeufikia peke yake. Kwenye maji ya nyuzi 20, boraksi tupu au asidi tupu inayeyuka kiasi cha kilo 5 tu kwa lita 100. Pasha maji kwanza mpaka nyuzi 50 au 60, mwaga boraksi huku unakoroga, ikishapotea fuatisha asidi. Usitie zote kwa mpigo, zitakaa chini kama zege na utazipigia nondo. Mchanganyiko ukiwa tayari una chumvi kavu ya asilimia 17 hivi.

Kwa nguvu hiyo, dawa ikipoa kuelekea nyuzi 25 inaanza kuganda. Moshi mchana haina shida. Arusha ya Juni na Julai, asubuhi yenye ukungu, utakuta nusu ya chumvi yako imeshikamana na chuma chini ya tangi na juu yamebaki maji mepesi. Anayetumbukiza mbao bila kupasha tena anaziogesha tu. Pasha, koroga, hakikisha sakafu ya tangi ni safi, ndipo uendelee.

Mbao nayo ina masharti. Iwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20, kwa sababu dawa inaingia mahali palipokuwa na hewa. Iwe imeshakatwa, imeshapigwa randa, imeshatobolewa na kutiwa maungio. Ukishatia dawa halafu ukapitisha randa milimita tatu, umetoa sehemu iliyoshiba kuliko zote. Na iwe aina inayokunywa. Paini ya West Kilimanjaro, Rongai au Sao Hill ni nzuri, hasa ile mbao nyeupe ya pembeni. Kiini chake kinakunywa kidogo. Saipresi inasumbua: pembeni inapokea, kiini kinakataa kabisa. Mkaratusi uliokomaa usipoteze kuni zako. Ukichanganya aina hizi kwenye tangi moja, paini itashiba na saipresi itatoka ilivyoingia, na fundi wa paa hataweza kuzitofautisha zikikauka.

Kabla ya kuzamisha, pima uzito angalau wa kipande kimoja katika kila kumi, uandike namba na kilo kwa penseli ya seremala kwenye kichwa cha mbao. Kalamu ya wino inafutika humo ndani. Panga mbao kwa vijiti katikati ili dawa ipite, kisha zigandamize kwa vipande vya reli au mawe mazito yaliyooshwa, maana paini kavu itaelea.

Ratiba inayokubali siku moja ni kuwasha saa 12 asubuhi. Kufikia saa 3 au 4 dawa iko nyuzi 85 hadi 90. Usilazimishe ichemke: kwa mwinuko wa Arusha maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, na kutokota kunapoteza maji bure. Mbao ya inchi moja ikae kwenye joto hilo saa mbili, ya inchi mbili saa nne mpaka sita. Angalia vichwa vya mbao: mapovu madogo yanatoka mfululizo, ni hewa ya ndani inapanuka na kutafuta njia. Yakipungua kiasi kwamba unaweza kuyahesabu, hatua ya moto imekwisha. Mbao bado haijanywa kitu cha maana. Ondoa kuni, mbao zibaki zimezama. Ni katika kupoa ndipo hewa iliyobaki ndani inasinyaa na kuvuta dawa. Anayetoa mbao zikiwa za moto ili awahi mzigo wa pili anatoka na mbao zilizojaa joto na hewa.

Zitoe joto la tangi likifika nyuzi 40, kipimajoto ndicho kiseme. Ukisubiri mpaka asubuhi ya baridi, chumvi inaganda juu ya mbao na kuziba vinyweleo.

Kuna jambo dogo linalowachanganya wengi, nalo ni kuongezea tangi. Kiasi kikishuka wakati wa moto, kilichopungua ni maji yaliyopanda kama mvuke, kwa hiyo ongeza maji ya moto matupu. Kikishuka wakati wa kupoa, mbao ndizo zinakunywa, hapo ongeza dawa kamili. Ukifanya kinyume, kufikia mzigo wa tatu hujui tena tangi lako lina nguvu gani. Kwaruza alama ya kiasi kwa msumari ndani ya tangi, inatosha.

Mbao zikitoka, ziache zidondoshe matone kwa nusu saa, kisha rudi kwenye mizani. Mfano: paini ya mbili kwa nne ya futi 12 ina mita za ujazo 0.018 hivi, na ikiwa kavu ina kilo 8 hadi 9. Ikiongezeka kilo 4.5, zidisha kwa 0.17 upate kilo 0.77 za chumvi, gawanya kwa 0.018: kilo 42 kwa mita ya ujazo. Hiyo imeshiba. Ikiongezeka kilo 2 tu, ni kilo 19, na haijawa mbao ya kuzuia moto. Irudi tangini ikishakauka, au iuzwe kama mbao iliyotiwa dawa ya wadudu, ambayo kwa kweli ni nzuri sana. Usiipandishe bei kwa jina isilostahili.

Mizani inakuambia kiasi, haikuambii dawa imefika wapi. Kwa hilo kuna manjano, hii hii ya pilau. Loweka gramu 10 za manjano ya unga katika gramu 90 za spiriti safi, chuja. Kata kipande cha mfano katikati, si kwenye kichwa, kwa sababu kichwani dawa huingia siku zote. Pakaa maji ya manjano, acha yakauke, kisha pitisha spiriti iliyotiwa asidi ya haidrokloriki kidogo. Penye boroni panageuka pekundu, pasipo na boroni panabaki pa njano. Fanya nje, na glavu mkononi. Kipande kizuri cha paini kina wekundu mpana kuzunguka kingo zote, na pengine jicho la njano katikati penye kiini. Ukiona mstari mwembamba wa milimita mbili, hewa haikutoka au mbao ilikuwa mbichi. Ila wekundu unatokea hata kwa dawa kidogo ya kiwango cha mchwa, kwa hiyo manjano yasichukue nafasi ya mizani.

Jaribio la mwali linakuja mwisho, na lifanyike kwa haki. Chukua vijiti viwili vya sentimita mbili kwa mbili, kimoja cha dawa na kimoja kisicho nayo, vyote vikaushwe mpaka uzito usipungue tena. Mbao yenye maji itafaulu jaribio lolote la uongo. Shikilia kila kimoja kwenye mwali wa jiko la gesi kwa dakika tatu, kisha kiondoe. Kisicho na dawa kitaendelea kuwaka. Cha dawa kinatakiwa kizimike chenyewe ndani ya sekunde chache na wekundu ufifie. Kikizimika mwali lakini kikaendelea kufukuta, asidi ya boriki ilikuwa pungufu.

Kukausha kunahitaji subira na kivuli. Panga juu ya vijiti, funika juu kwa turubai, pembeni pawe wazi, wiki mbili hadi tatu, zaidi wakati wa masika. Jua kali linavuta chumvi kuja juu, na utaona unga mweupe. Unga kidogo ni kawaida, unga unaofutika kwa kiganja ni dawa uliyoipoteza. Ukiwa na tanuri la kukaushia, joto lisizidi nyuzi 70. Kama huna kipima unyevu, Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, watu wanaoshinda na mbao kutwa.

Swali linalokuja kila mara ni kama mbolea inaweza kutumika kuwa dawa ya moto. DAP na MAP ni fosfeti za amonia, na kweli ni dawa za moto zenye nguvu, tena rahisi kuliko boroni. Lakini DAP ya punje, hii ya kupandia mahindi, ina mabaki yasiyoyeyuka na vumbi linaloacha tope jeusi. MAP ya kuyeyuka kabisa, ile ya 12-61-0 ambayo mashamba ya maua na mboga huiweka kwenye maji ya matone, ndiyo inayofaa. Kilo 15 za MAP na kilo 3 za asidi ya boriki kwa lita 100 za maji baridi, mbao za inchi moja zizame siku mbili hadi tatu. Usipashe moto kama boroni. Usichanganye fosfeti hizi na boraksi, kwa sababu boraksi ina asili ya magadi na itafukuza amonia. Harufu itakutoa karakanani, na dawa itabadilika. Maji ya kisima yenye chokaa nayo yanaigeuza dawa kuwa kama maziwa: fosfeti imeshikana na chokaa na kutuama. Tumia ya mvua au ya bomba.

Hata hivyo, chini ya bati hatushauri fosfeti. Chumvi hizi zikipata joto kwa muda mrefu zinaacha asidi, na asidi inakula nyuzi za mbao polepole. Marekani walilipa bei ya jambo hilo miaka ya 1980, pale plywood za paa zilizotiwa dawa ya moto ya fosfeti zilipoanza kuwa nyeusi na kumeguka baada ya miaka michache tu, bila moto wowote. Papi inayogusa bati la Moshi wakati wa jua la Januari inaweza kupita nyuzi 60. Fosfeti ibaki kwenye dari, milango na mbao za ukutani. Kwenye papi na kenchi weka boroni. Fosfeti pia inakula misumari penye unyevu. Na kwa dawa yoyote ya moto, hesabu kwamba mbao imepoteza sehemu ya nguvu zake, asilimia 10 hadi 20: ukubwa au nafasi za kenchi zipangwe hivyo.

Boroni na fosfeti zote zinayeyuka kwa maji, na zilivyoingia ndivyo zinavyotoka. Fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaopigwa na mvua, nguzo ya kibaraza, mbao iliyogusa udongo, huko dawa itaoshwa. Bati likivuja juu ya kenchi misimu miwili, sehemu ile si ya dawa tena. Hata kabla ya kupaua, mbao zilizolazwa saiti bila turubai mwezi wa Aprili zinarudi kuwa mbao za kawaida.

Mteja aelezwe pia kile ambacho dawa haifanyi. Inazuia moto mdogo usishike na usikimbie juu ya mbao. Haibadilishi sana kasi ya mbao kugeuka mkaa ikiwa chumba kizima tayari kinawaka. Paini inapotea kwa kasi ya milimita 0.8 hivi kwa dakika kila upande unaochomwa. Mbao ya unene wa milimita 50 ikichomwa pande mbili, baada ya dakika 20 imepoteza 32, imebaki 18. Kenchi ya mbili kwa nne haitasimama juu ya vichwa vya askari wa zimamoto kwa muda mrefu, iwe na dawa au isiwe nayo. Unayemjengea bweni mwambie hilo waziwazi. Mkoa wa Kilimanjaro unaikumbuka sekondari ya Shauritanga ya Rombo mwaka 1994, ambako wanafunzi wa kike zaidi ya 40 walifia bwenini kwa moto. Mlango wa pili unaofunguka kwa nje, nondo za dirisha zinazofunguka, na jipsamu chini ya kenchi vinatangulia dawa yoyote. Jipsamu yenyewe imebeba maji kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wake, na moto lazima uyachemshe kwanza.

Nyumba iliyokwisha kuezekwa haiwezi kushushwa tangini. Kwake kuna rangi maalumu inayovimba ikipata joto na kuwa povu la mkaa linalokinga mbao. Inapakwa kwa unene ulioandikwa kwenye ndoo, na mafundi karibu wote wanaipaka nyembamba kwa sababu ni ghali. Hesabu lita zilizoingia kwenye eneo lililopakwa, usihesabu mikono ya rangi.

Mabaki ya tangi yahifadhiwe kwenye madumu yenye maandishi, mbali na watoto na mifugo. Chumvi za boroni zinahesabiwa kuwa na madhara kwa uzazi, kwa hiyo glavu na barakoa wakati wa kumwaga unga, na mjamzito asishike kazi hiyo. Wala yasimwagwe kihambani kwa kudhani ni mbolea. Kahawa inapenda boroni, lakini kwa gramu. Dawa ya tangi inachoma kingo za majani na kuua mizizi, na udongo unabaki nayo. Dawa iliyochujwa inatumika mzigo baada ya mzigo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuimwaga.